Ujumbe Mmoja, Njia Mbili: Simu na Kompyuta kwa Ndugu Wanaoishi na Ulemavu



Somo letu leo linahusu simu na kompyuta. Halihitaji fundi, kila mtu anayetuma na kupokea ujumbe anaweza kulifuata. Tunataka kuuliza pamoja swali moja: habari zinapopita kambini au mtaani kwa njia ya simu, ni nani hazimfikii? Na tukishamjua, tufanye nini kabla siku ya hatari haijafika?

Lengo la somo. Tukimaliza, kila kamati iweze kufanya mambo matatu: kueleza jinsi simu na kompyuta zinavyoweza kutumiwa na mtu asiyeona, asiyesikia au mwenye shida ya mikono, kutuma tangazo ambalo kipofu na kiziwi wote watalipata, na kupanga kazi ndogo ya mwezi mmoja isiyohitaji pesa nyingi.

1. Ulemavu uko karibu nasi

Wahenga walisema: hujafa hujaumbika. Katika nchi yetu neno hilo tumeliona kwa macho. Kuna waliozaliwa na ulemavu, waliopatwa na polio utotoni, waliopoteza mguu kwa risasi au kwa bomu lililobaki shambani, waliopoteza masikio kwa homa ya uti wa mgongo, na wazee ambao macho yao yamefifia. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba watu bilioni 1.3 duniani wana ulemavu mkubwa, yaani mtu 1 kati ya kila watu 6.

Tuchukue hesabu hiyo ya dunia tuiweke juu ya mahali palipo na wahamishwa 3,000. Tunapata watu 500. Sasa kila kiongozi ajiulize: katika mkutano wetu wa mwisho niliwaona wangapi? Kama walikuwa watatu au wanne, waliobaki wako wapi? Wengi wako ndani ya vibanda, wakingojea mtu awaletee habari.

2. Kwa nini jambo hili ni la amani

Kwanza, linahusu uhai. Tunakumbuka Goma, mwezi wa Mei 2021. Nyiragongo ililipuka jioni ya tarehe 22, na tarehe 27 gavana wa kijeshi aliamuru watu wa sehemu kadhaa za mji wahame. Umati ulishika njia ya Sake, wengine wakavuka kwenda Rwanda, wengine wakapanda mashua kuelekea Bukavu. Amri ya namna hii hupita redioni, kisha huingia katika simu: sauti iliyorekodiwa, au picha ya karatasi yenye muhuri. Kiziwi hasikii redio wala sauti ile. Kipofu haoni picha ya karatasi. Wote wawili wanategemea mtu mwingine akumbuke kuwaambia, katika saa ambayo kila mtu anatafuta watoto wake.

Pili, linahusu haki na siri. Siku hizi sehemu ya msaada hutolewa kwa pesa za simu. Kipofu ambaye hajafundishwa kutumia simu yake mwenyewe hulazimika kumpa mtu mwingine namba yake ya siri. Mtu huyo akiwa mwaminifu, tunashukuru. Asipokuwa mwaminifu, pesa hupungua njiani na ugomvi huingia nyumbani. Vilevile mama kipofu aliyefanyiwa ukatili hawezi kumwandikia mhudumu kwa uhuru ikiwa maneno yake na majibu yake yote lazima yapite machoni pa jirani.

Tatu, linahusu uvumi. Sote tumeona jinsi neno moja la uongo juu ya kabila fulani linavyoweza kuwasha moto kati ya watu waliokuwa wakichota maji kwenye bomba moja. Mtu anayepata habari kutoka kinywa kimoja tu hana njia ya kuzipima. Anayeweza kusoma mwenyewe, kuuliza mwenyewe na kujibu mwenyewe si rahisi kumdanganya. Tena, mapatano yanayoandaliwa bila sauti ya mtu 1 kati ya 6 hayawezi kuitwa mapatano ya wote.

3. Vifaa vyetu tayari vinaweza mengi

Watu wengi hudhani simu na kompyuta ni vitu vya watu wazima wa mwili, na kwamba mwenye ulemavu anasaidiwa tu kwa huruma. Historia inasema vingine. Nchini Italia, mwanzoni mwa karne ya 19, Pellegrino Turri alitengeneza mashine ya kuandika ili Carolina Fantoni, mwanamke kipofu, aandike barua zake bila kumsomea karani. Barua alizoandika kwa mashine ile, kuanzia mwaka 1808, bado zimehifadhiwa. Louis Braille, kijana kipofu wa Ufaransa, alikuwa na miaka 15 mwaka 1824 alipounda maandishi ya nukta sita yanayosomwa kwa vidole. Alexander Graham Bell, aliyepata hati ya uvumbuzi wa simu mwaka 1876, alikuwa mwalimu wa viziwi. Kwa hiyo vifaa tunavyoshika leo vina deni kwa watu wenye ulemavu.

Sasa tuangalie kila hali kwa zamu yake.

Asiyeona. Simu nyingi za Android zina programu iitwayo TalkBack, na iPhone ina VoiceOver. Hazinunuliwi, zimo ndani ya simu. Ukigusa kitu mara moja, simu inakitaja kwa sauti. Ukigusa mara mbili haraka, inakifungua. Kwa TalkBack, kusogeza ukurasa unatumia vidole viwili. Kama simu yako imewekwa Kifaransa, ingia "Paramètres", kisha tafuta neno "Accessibilité". Tahadhari moja: TalkBack ikiwashwa, mguso wa kawaida unabadilika, na wengi hudhani simu imeharibika. Haijaharibika. Jifunze namna ya kuizima kabla ya kuiwasha. Angalia pia lugha ya sauti, maana sauti ya Kifaransa ikisoma Kiswahili huyatamka maneno vibaya hata msikilizaji asielewe.

Kwa kompyuta za Windows kuna NVDA, programu inayosoma yaliyo kwenye skrini. Ilianzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, ambaye mwenyewe ni kipofu. Hutolewa bure. Jambo jema kwetu ni kwamba inaweza kuwekwa kwenye flashi, ikapelekwa hadi mahali pasipo intaneti, na kufanya kazi hapo hapo. Sauti zake zimo Kifaransa na Kiswahili. Anayeitumia hahitaji kipanya, anatumia kibodi. Gusa kibodi yoyote: herufi F na J zina kinundu kidogo. Hapo ndipo vidole vya shahada hukaa, na kutoka hapo vidole vingine hujua njia.

Anayeona kidogo. Simu inaweza kukuza herufi, na kuweka maandishi meupe juu ya weusi. Kwenye Windows, bana kitufe cha Windows pamoja na alama ya kujumlisha, na skrini itakuzwa. Wazee wetu wengi wako katika kundi hili bila kujiita walemavu.

Asiyesikia. Kwake ujumbe wa maandishi ndio mlango, pamoja na simu kutetemeka au kuwaka taa badala ya kulia. Wanaojua lugha ya ishara huzungumza kwa video, ikiwa uso na mikono viko kwenye mwanga na kuna mega za kutosha. Hapa tumkumbuke Andrew Foster, Mmarekani kiziwi aliyefungua shule zaidi ya 30 za viziwi katika Afrika kuanzia mwaka 1957, na aliyekufa mwaka 1987 ndege yake ilipoanguka Rwanda. Lakini viziwi wengi vijijini hawakupelekwa shule. Hawajui kusoma, na ishara zao ni zile za nyumbani. Kwa hao maandishi peke yake hayatoshi: tumia mchoro na picha, na umtafute ndugu wa nyumbani anayejua ishara zao.

Mwenye shida ya mikono. Kwenye Windows, bana kitufe cha Shift mara tano mfululizo. Kompyuta itauliza kama unataka vitufe vibanwe kimoja baada ya kingine. Ukikubali, anayetumia mkono mmoja au kidole kimoja ataandika herufi kubwa bila taabu. Simu nyingi pia zinaweza kuandika maneno unayosema, ingawa mara nyingi huhitaji intaneti.

Mwenye ugumu wa kuelewa au kukumbuka. Sentensi fupi, jambo moja kwa kila ujumbe, na ujumbe uleule urudiwe siku inayofuata.

4. Mlango hufungwa na mkono wa anayetuma

Ndugu wasomaji, hapa ndipo penye kiini cha somo. Simu ya kipofu inaweza kusoma maandishi, lakini sisi tunampelekea picha ya karatasi. Simu ya kiziwi inaweza kuonyesha maandishi, lakini sisi tunampelekea sauti ya dakika nne. Kifaa kiko tayari. Desturi yetu ya kutuma ndiyo inayomwacha nje. Kubadilisha desturi hiyo hakuhitaji mfadhili.

Kanuni yetu ni fupi: kila ujumbe upite kwa njia mbili, sauti na maandishi.

Tutoe mfano. Tangazo baya ni picha ya karatasi iliyopigwa kwenye giza, na chini yake maneno "Muhimu sana!!! Someni." Tangazo jema ni hili:

"Kamati ya kambi inatangaza. Bashe zitagawanywa Alhamisi tarehe 12, saa mbili asubuhi, kwenye shule ya msingi. Leta jetoni yako. Asiyeweza kutembea atume mtu na jetoni hiyo, au amwambie mkuu wa bloku kabla ya Jumatano jioni. Ni mimi mwandishi wa kamati."

Baada ya maandishi hayo, mwandishi anarekodi sauti yake akisoma maneno yaleyale, bila kuongeza wala kupunguza. Kazi yote ni dakika tatu.

Mambo ya kushika ni haya:

a) Usitume picha ya maandishi peke yake. Ukituma picha ya karatasi, andika chini yake yaliyomo. Hata faili iliyopigwa picha kwa mashine ni picha; simu ya kipofu mara nyingi itanyamaza.

b) Ukituma sauti, andika sentensi mbili au tatu zenye kiini chake: nini, wapi, lini.

c) Andika maneno kamili. Ukiandika "2taonana kxho", programu inayosoma itatamka vitu visivyoeleweka.

d) Usipange mistari ya nyuso na mikono midogo. Programu huzitaja moja moja, na anayesikiliza huchoka kabla hajafika kwenye habari.

e) Taja aliyetoa habari na siku yake. Hiyo husaidia kila mtu kutofautisha tangazo na uvumi.

f) Picha ya tukio ielezwe kwa maneno: "Picha inaonyesha daraja lililovunjika, magari hayapiti."

Kanuni hizi zina historia ndefu. Tangu mwaka 1999 shirika la W3C, linaloweka taratibu za kurasa za intaneti, limetoa mwongozo unaotaka picha iwe na maneno badala yake, na sauti iwe na maandishi badala yake. Tunachofanya sisi ni kuuleta mwongozo huo hadi kwenye bloku na avenyu.

5. Chumba cha kompyuta, na siri ya mtu

Pale ambapo kuna kituo cha vijana au chumba chenye kompyuta chache na paneli ya jua, tuangalie njia kwanza. Ngazi tatu za mlangoni zinatosha kumrudisha nyumbani mtu wa baiskeli ya magurudumu matatu. Mteremko wa udongo ulioshindiliwa vizuri, au wa mbao, unaweza kutengenezwa kwa salongo ya siku moja. Meza iwe na nafasi ya magoti na magurudumu kuingia chini yake. Njia kati ya meza isiwe na waya za umeme, maana kipofu atajikwaa. Mwalimu akifundisha, asimame penye mwanga ili asiyesikia aone midomo na mikono yake, na asiseme "bonyeza hapa" bila kutaja kitufe.

Kisha siri. Programu inayosoma husema kwa sauti, na vibanda vyetu vimegusana. Kipofu apewe kipaza sauti cha masikioni, cha bei ndogo, ili ujumbe wake usisikiwe na njia nzima. Namba ya siri ya pesa aiweke yeye mwenyewe. Anayemfundisha ageuze uso wakati huo, kama tunavyofanya mtu anapohesabu pesa zake.

Viongozi, mjihadhari pia na orodha. Ni vema kujua nani anahitaji msaada wakati wa kukimbia, lakini orodha ya majina, ulemavu na namba za vibanda isipelekwe katika kundi la WhatsApp lenye watu 200. Hamjui simu itaanguka mikononi mwa nani kwenye barabara. Orodha ikae na watu wawili walioaminiwa na wenyewe wanaoandikwa. Wala picha ya mtu isitumwe bila ruhusa yake, hata kama nia ni kumtafutia msaada.

6. Sheria iko upande wetu

Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 49, inasema kwamba wazee na watu wenye ulemavu wana haki ya hatua maalum za ulinzi kulingana na mahitaji yao. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa tarehe 13 Desemba 2006, na nchi yetu ilijiunga nao mwaka 2015. Kifungu chake cha 9 kinataja teknolojia ya habari na mawasiliano pamoja na majengo na barabara. Kifungu cha 11 kinataka ulinzi wakati wa vita na maafa. Kifungu cha 21 kinataka habari za umma ziwafikie kwa namna wanayoweza kuitumia, kwa wakati, bila gharama ya ziada. Na tarehe 3 Mei 2022 nchi yetu ilipata sheria ya msingi namba 22/003 ya kulinda na kuendeleza haki za watu wanaoishi na ulemavu.

Kwa hiyo mjumbe wa kamati anapouliza shirika linaloleta msaada, "Tangazo hili kiziwi atalipataje?", haombi hisani. Anakumbusha haki iliyokwisha kuandikwa.

7. Simu zinaponyamaza

Tunajua hali yetu. Mapigano yakianza, mtandao hukatika, na mahali pa kushaji pamefungwa. Kwa sababu hiyo kila mtu anayeishi na ulemavu awe na majirani wawili waliokubaliana naye mapema: wa kwanza, na wa pili kama wa kwanza hayupo. Wakubaliane ishara. Kwa kiziwi, kumgusa bega mara tatu na kuonyesha upande wa kwenda. Kwa kipofu, jina lake na jina la anayemwita, kisha mkono. Yeye mwenyewe ndiye achague majirani hao. Asichaguliwe na kamati.

8. Kazi ya mwezi mmoja

Juma la kwanza: wakuu wa bloku wapite nyumba kwa nyumba na kuuliza, "Katika nyumba hii nani hapati matangazo yetu, na kwa nini?" Waulizwe wenyewe, si wazazi au waume zao tu.

Juma la pili: vijana wanaojua simu watafute TalkBack na kukuza herufi katika simu za nyumba hizo, na kumfundisha kila mtu akiwa na simu yake mkononi. Saa moja kwa siku, kwa siku tano, ni bora kuliko siku nzima mara moja.

Juma la tatu: kamati ianze kutuma kila tangazo kwa sauti na maandishi. Mtu mmoja asiyeona na mmoja asiyesikia waombwe kulijaribu kabla halijatumwa kwa wote.

Juma la nne: kufanywe jaribio. Tumeni tangazo dogo la mkutano bila kumwambia mtu kwa mdomo. Kisha hesabuni nani alifika na nani hakufika. Wasiofika ndio watakaowafundisha kilichobaki kurekebishwa. Na katika mkutano huo wachagueni wajumbe wawili wanaoishi na ulemavu waingie kamatini, mwanamke na mwanamume, wenye kura kama wengine.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Taja tangazo la mwisho lililopita katika simu zetu. Je, lingemfikia mtu asiyeona? Na asiyesikia?
2. Ni nani kati yetu anayeshika namba ya siri ya pesa za mtu mwingine? Tufanye nini ili mwenyewe aishike?
3. Kama tungelazimika kuhama usiku wa leo, ni nyumba gani ambazo hakuna aliyepangwa kuzifikia?
4. Kuna nini katika chumba chetu cha mikutano au cha kompyuta kinachomzuia mtu wa magongo au wa magurudumu?
5. Ni maneno gani tunayotumia kuwaita ndugu hawa, na wao wenyewe wanapenda kuitwaje?

Ndugu wasomaji, mfanyeni somo hili kwa vitendo. Anayesoma gazeti hili amsomee asiyeona. Aliyelisikia amwandikie au amchoree asiyesikia. Kisha kamati ikae kabla ya Jumapili na kuchagua siku ya kuanza juma la kwanza.